Daktari Aliyewapima Wasioumwa

Katika nyumba zetu nyingi mtu haendi hospitali mpaka augue, na mama ndiye wa mwisho kabisa. Mtoto akishikwa na homa usiku, anabebwa saa hiyo hiyo. Baba akilalamika kifua, hatulali mpaka aonwe na daktari. Lakini mama kichwa kikimgonga, humeza vidonge viwili, hujifunga kanga kichwani na kuendelea kuchambua mchele. Ukimwambia akapimwe hujibu, "Nikapimwe nini? Mbona natembea?"

Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya macho kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Huko ndiko nilikovutiwa na habari za daktari mmoja wa Marekani, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kutafuta jibu la swali hilo hilo: mtu anayetembea na asiyeumwa popote, je, yuko salama?

Daktari huyo aliitwa Thomas Royle Dawber. Alizaliwa mwaka 1913 huko British Columbia, Kanada, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1949 alikabidhiwa kuongoza utafiti uliokuwa umeanza mwaka mmoja nyuma katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, magharibi ya Boston.

Wakati ule maradhi ya moyo yalikuwa yakiwaua Wamarekani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote, na madaktari hawakujua kwa hakika yanaanzaje. Hata Rais Franklin Roosevelt alifariki Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 63, kwa damu kuvuja katika ubongo. Presha yake ilikuwa imepanda kwa miaka kadhaa. Lakini madaktari wengi wa siku hizo waliona kwamba presha kupanda umri unapokwenda ni jambo la kawaida, kama mvi.

Dawber na wenzake walifanya jambo ambalo halikuzoeleka. Badala ya kukaa hospitali na kungoja wagonjwa, waliwaita wenye afya. Watu 5,209 wa Framingham, wa umri wa miaka 30 hadi 62, walikubali kupimwa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Wenyeji wenyewe walisaidia kuwashawishi majirani wao. Walipimwa presha, damu, uzito na umeme wa moyo, wakaulizwa kama wanavuta sigara, kisha wakarudi majumbani kwao. Baada ya miaka miwili wakaitwa tena, na baada ya miwili mingine tena. Kazi ya daktari ilikuwa kuandika, kungoja, na kuona nani ataugua na nani hataugua.

Hebu fikiri, dada yangu, subira ya kazi hiyo. Ni kama kupanda mwembe. Mwaka wa kwanza huna cha kuonyesha, wa pili huna, na majirani wanauliza kwa nini unamwagilia kijiti. Taarifa yenye uzito ilitoka mwaka 1957: wenye presha ya juu walikuwa wakipata maradhi ya moyo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1961 Daktari William Kannel, Dawber na wenzao wakaandika juu ya mambo yanayomweka mtu katika hatari kabla hajaugua, kama vile presha na lehemu nyingi katika damu. Leo muuguzi wa zahanati yoyote anayekuuliza kama kwenu kuna mwenye presha au kisukari, anafuata njia iliyofunguliwa na utafiti huo.

Mwaka 1966 Dawber aliacha uongozi na kuhamia Chuo Kikuu cha Boston, na Kannel akashika nafasi yake. Haukupita muda mrefu, serikali ikataka kuufunga utafiti kwa kuwa fedha zilikuwa haba. Dawber alihangaika kutafuta michango kwa watu na makampuni ili kazi isife. Ikapona. Mwaka 1971 watoto wa wale wa kwanza, pamoja na wake na waume zao, nao wakaanza kupimwa, na mwaka 2002 wakaingia wajukuu.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonigusa mimi mtu wa macho. Kati ya mwaka 1973 na 1975 wale wazee wa Framingham waliokuwa wangali hai waliitwa tena, safari hii ili wachunguzwe macho. Zaidi ya 2,600 walichunguzwa. Watafiti walitafuta mtoto wa jicho, presha ya macho, uharibifu wa katikati ya retina unaokuja na uzee, na madhara ya kisukari katika jicho. Dawber alikuwa mmoja wa walioandika taarifa yake mwaka 1977. Walikuta kwamba maradhi haya huongezeka sana kadiri umri unavyosogea, na kwamba si kila upungufu wa kuona ni uzee tu wa kuvumiliwa. Mengi yana jina lake, na mengine yana tiba yake.

Pengine utauliza, moyo na jicho vinahusianaje? Jibu ni mishipa ya damu. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitengeneza chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Kwa chombo cha namna hiyo daktari huiona mishipa midogo ya damu ikiwa hai na ikifanya kazi, bila kupasua ngozi wala kuchoma sindano. Presha ikikaa juu kwa muda mrefu, mishipa hiyo husinyaa, na mingine huvuja. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliyagawa mabadiliko hayo ya jicho katika hatua nne, wakaonyesha kwamba mwenye macho ya hatua ya nne alikuwa karibu sana na kifo. Yaani jicho lilikuwa linaeleza habari za moyo, figo na ubongo.

Mambo haya niliyashuhudia ndani ya familia yangu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kliniki kwa sababu herufi za kitabu zilikuwa zikimcheza. Alitaka miwani tu. Daktari alipomtazama ndani ya jicho alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza, "Mama, presha yako ulipima lini?" Wifi akacheka. Hakuwa amepima tangu alipojifungua kitindamimba wake, ambaye siku hizo alikuwa kidato cha tatu. Tulipompima ilikuwa 190 kwa 110.

Akaandikiwa dawa. Baada ya majuma matatu nilipomtembelea, nilikuta vidonge vimelala kabatini. "Wifi," aliniambia, "mimi sikuwa naumwa kabla ya dawa, na sasa siumwi. Kwa nini nimeze?"

Sikumgombeza. Nilikaa naye jikoni, tukamenya ndizi, nikamsimulia habari za watu wa Framingham. Nilimwambia kwamba nao hawakuwa wakiumwa. Nilimwambia pia alichoandika Kannel na mwenzake mwaka 1984: zaidi ya robo ya mishtuko ya moyo kati ya watu wale haikujulikana ilipotokea, iligunduliwa baadaye kwa kipimo cha umeme wa moyo tu, na kwa wanawake sehemu hiyo ilikuwa kubwa kuliko kwa wanaume. Wifi aliacha kumenya. "Kumbe moyo unaweza kupigwa na mwenyewe nisijue?" Nikamjibu, "Ndiyo, wifi. Ndiyo maana daktari hakukuuliza unajisikiaje. Alitazama." Jioni ile alimeza kidonge chake, na mpaka leo mwanawe humkumbusha kila asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo akina mama wengi hulichanganya. Presha ya damu na presha ya macho si kitu kimoja. Ya damu hupimwa mkononi, ya macho hupimwa kwenye jicho lenyewe, na mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyingine. Kupona kipimo cha moja hakukuondolei haja ya kupima nyingine. Zote mbili hufanana kwa tabia moja tu: mara nyingi huharibu kimya kimya.

Framingham ilitufundisha jingine linalotuhusu sisi wanawake. Tukiwa bado tunapata hedhi, maradhi ya moyo hutupata kwa nadra kuliko wanaume. Baada ya hedhi kukoma, nafuu hiyo hupungua. Na mwanamke mwenye kisukari huipoteza mapema zaidi.

Ni kweli kwamba watu wale wa kwanza walikuwa karibu wote wenye asili ya Ulaya, na si kila hesabu yao inatufaa kama ilivyo. Watafiti wenyewe waliliona hilo, na mwaka 1994 wakaongeza kundi la watu wa asili nyingine, wakiwemo Wamarekani Weusi. Lakini presha ya Mzungu na ya kwetu huharibu mishipa ile ile.

Basi, mama mwenzangu, ukienda kumpeleka mtoto kliniki, nyosha na wewe mkono upimwe. Kama una kisukari, macho yako yatazamwe ndani kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Ukipewa dawa ya presha, usiiache kwa sababu umejisikia nafuu. Kaulize kwanza.

Daktari Dawber alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 92. Watu wa Framingham wangali wanapimwa. Hawaitwi kwa sababu wanaumwa, na wanakwenda.