Mafundi Wako Njiani

Nimewahi kuandikia watu tangazo la godoro, barua za kuomba kazi na hata risala ya harusi. Lakini sentensi yangu iliyosomwa na watu wengi zaidi ni hii: "Samahani kwa usumbufu, mafundi wako njiani." Niliituma kwa zaidi ya mwaka mmoja, asubuhi, usiku na Jumapili, nikiwa kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la simu huko Pipeline, Embakasi. Siku nyingi hakukuwa na fundi yeyote njiani. Mafundi walikuwa wawili, na mara nyingi wote walikuwa hapo kando yangu wakila chapo madondo.

Kama unaijua Pipeline, unajua vile ghorofa zimebanana mpaka jua linaingia nyumbani kwa zamu. Kwa mtu wa kuuza intaneti, hiyo ni neema. Ukifikisha waya mmoja juu ya paa, chini yako kuna milango themanini, mia. Bosi wangu alianza na ploti moja, ile aliyokuwa anaishi. Alikuwa fundi wa simu. Akanunua laini ya faiba kutoka kwa kampuni kubwa, akafunga kisanduku kwenye ngazi, akaanza kuvuta waya mlango kwa mlango.

Hii biashara yake ilianzia mbali kuliko Pipeline. Mpaka 2009, intaneti ya Kenya ilikuwa inategemea satelaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, EASSy ikafuata 2010, na faiba ikapanda hadi Nairobi. Lakini kampuni kubwa zilipenda mitaa yenye mageti na maua. Kutoka barabarani hadi kwa mlango wa mama wa ghorofa ya sita asiye na lifti, hapo paliachwa wazi. Watu kama bosi wangu ndio waliopanda hizo ngazi.

Mwanzoni alijua wateja wake wote. Alijua nani anafanya zamu ya usiku Industrial Area na halipendi kubishiwa hodi mchana. Alijua nani hulipwa tarehe tano, na hangemkatia tarehe moja. Waifai ikipotea, ulikuwa unampigia yeye, anapanda na koleo yake, anakuonyesha: panya amekula hapa, ama jirani amefunga kamba ya kuanika nguo juu ya waya. Ulikasirika, lakini ulijua kinachoendelea.

Mimi niliingia kama mteja. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, ada imenishinda. Miezi ya mwisho nilikuwa naenda ofisi ya fedha kuuliza kama kuna msaada wowote, na kila siku jibu lilikuwa "njoo kesho." Nilipochoka na kesho, nikarudi mtaani nikaanza kuandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Ndiyo, mimi niliyeshindwa kumaliza chuo nilikuwa namalizia wenzangu. Kazi ilitaka intaneti, na intaneti ilipopotea usiku wa kukabidhi insha, nilimwandikia bosi malalamiko ya aya nne. Akanipigia asubuhi. "Wewe unajua kulalamika vizuri. Kuja unijibie watu."

Wakati huo ploti zilikuwa zimefika kumi na kitu. Ukitaka kuingia ploti mpya, unaongea vizuri na msimamizi, anapata waifai ya bure, na mshindani wako akija anaambiwa hakuna nafasi ya waya. Wateja waliongezeka kila wiki. Laini haikuongezeka hivyo.

Wacha nieleze, kwa sababu hata mimi sikuwa najua. Anayekuuzia intaneti ya nyumbani hugawa laini moja kwa watu wengi, akitegemea kwamba wote hawataitumia kwa wakati mmoja. Hiyo ni kawaida, dunia nzima inafanya hivyo. Shida ni kipimo. Saa mbili usiku, watu wametoka kazini, huyu anaangalia mechi, yule sinema, mtoto yuko YouTube, na mkate ni uleule. Kuongeza laini ni gharama ya kila mwezi. Kuongeza mteja ni waya, rauta, na pesa inaingia siku hiyohiyo. Bosi alikuwa na deni la vifaa na switchi zinazoungua kila stima ikirudi kwa nguvu. Sio kwamba alikuwa mtu mbaya. Aliongeza wateja kwanza.

Mimi nikapewa orodha ya majibu. Jibu la kwanza ndilo hilo la mafundi. Pia tulikuwa na mfumo wa kukata: siku thelathini zikiisha, mteja anakatika dakika ileile, hata kama yuko katikati ya kitu. Lakini intaneti ikipotea siku mbili, hizo siku mbili hazikurudi. Nilimuuliza bosi, nikamtajia Kifungu cha 46 cha Katiba, kile kinachompa mnunuzi haki ya huduma nzuri, ya kupewa habari anazohitaji, na ya fidia. Akacheka. "Tukianza kurudisha siku, tutafunga."

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, Siku ya Akina Mama, kila kitu kikawa kizito. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimepata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikalia. Kwenye orodha yangu hakukuwa na jibu la bahari. Nikaandika langu: "Leo shida haiko kwetu. Nyaya mbili za chini ya bahari zimeharibika huko Afrika Kusini. Hatujui zitarekebishwa lini. Kama una kazi ya haraka leo, usitutegemee."

Bosi alisoma akanishikia kichwa. "Unaniulia biashara." Lakini majibu yalianza kuingia. "Kwani samaki wamekula waya?" "Mwambieni huyo samaki nina mechi." Mama mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye kawaida alitutukana kwa sauti ya dakika mbili, aliandika tu: "Asante kwa kunijulisha, mwanangu." Sikumbuki mteja aliyetuhama wiki hiyo.

Kwa hiyo nilikuwa najua. Ndiyo maana ya Agosti inaniuma.

Ilikuwa Jumanne. Kampuni kubwa ilikuwa imetukatia kwa sababu hatukuwa tumelipa bili, jinsi tu sisi tulivyokuwa tunakatia watu. Bosi alikuwa ametoka asubuhi kutafuta pesa. Nilijua hairudi kabla ya jioni. Saa mbili na dakika kumi, kijana wa ploti ya tatu akaandika: "Buda, nina intavyuu ya kazi saa nne, ni ya video. Itakuwa imerudi?"

Nikatuma lile la mafundi.

Saa tatu akauliza tena: "Bado kama dakika ngapi?"

"Wanamalizia," nikajibu. Hiyo haikuwa kwenye orodha. Hiyo niliitunga mwenyewe.

Saa tano akaandika mara ya mwisho. Hakunitukana. "Ungeniambia ukweli ningeenda saiba. Iko hapa chini tu." Niliifungua hiyo meseji mara nyingi sana siku hiyo. Nikakumbuka dirisha la ofisi ya fedha, na yule mtu wa nyuma ya kioo aliyekuwa ananiambia kesho. Nilikuwa nikimchukia kwa sababu nilidhani anafurahia. Pengine alikuwa tu na orodha ya majibu.

Niliingia kwenye mfumo nikamwongezea kijana siku saba bila kumwambia bosi. Hakuzitumia. Siku zake zilipoisha, mfumo ukamkata dakika ileile, halafu ukamtumia ujumbe: "Mteja mpendwa, tunakukosa." Mwisho wa mwezi niliacha kazi.

Siku hizi naishi Umoja na nalipia kampuni nyingine, kubwa kidogo. Juzi ilipotea asubuhi nikiwa na makala ya kukabidhi adhuhuri. Nikaandika, na jibu likaja haraka: samahani kwa usumbufu, mafundi wako njiani. Nikaliangalia kama mtu anayekutana na koti lake la zamani limevaliwa na mwingine. Nikamwandikia: "Wewe unayejibu hapa, sitakuripoti. Niambie tu kama niende saiba."

Akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena.

"Enda saiba, bro."

Nikavaa viatu.