Motokaa ya Mstaafu na Lango la Tunduma

Njoo tusafiri pamoja. Tunaondoka Iyula alfajiri, ukungu ungali juu ya mibuni, na baridi ya Mbozi inatufanya tukunjane ndani ya makoti. Tukifika barabara kuu itokayo Dar es Salaam tunageuka upande wa Zambia, tunapita Vwawa, makao ya mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016, na kabla jua halijawa kali tumekwisha fika Tunduma.

Ukisimama kando ya barabara hiyo utaona jambo la kushangaza. Katikati ya malori hupita motokaa ndogo ndogo zilizotumika, zimetoka Japani kwa meli, zimeshushwa Dar es Salaam, nazo zinaendeshwa zaidi ya kilomita 900 kwenda kwa wenyewe ng'ambo ya mpaka. Watoto wetu huzipungia mikono. Hawajui kwamba nyingine ni za watu wa kwetu.

Mojawapo ilikuwa ya ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa. Yeye aliondoka Mbozi akiwa kijana, akaenda Kitwe kwenye shaba, akakaa huko mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo, na mwezi wa Agosti mwaka 2022 akanunua Toyota Corolla. Motokaa hiyo ilipita hapa hapa, karibu na mlango wa kwao, ikaenda Kitwe kumfuata. Miezi 3 baadaye akaipakia magodoro na masufuria, akamweka mkewe kiti cha mbele, akashika njia ya kurudi nyumbani.

Nilikwenda kumlaki Tunduma. Tangu mwaka 2019 mpaka ule una kituo cha pamoja: msafiri husimama upande ule anaoingia tu, na watumishi wa nchi zote mbili humhudumia hapo. Kuendesha si shida, maana sisi na Wazambia sote hushika mkono wa kushoto. Saa tu hutofautiana: hapa ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu.

Bwana forodha alimkaribisha kwa heshima, akamwuliza: "Mzee, unakuja kutembea, au unahamia?"

Ndugu yangu akacheka. "Nahamia, mwanangu. Narudi kwetu."

"Basi nionyeshe kadi ya gari." Akaisoma, akatikisa kichwa. "Hujalimiliki mwaka mzima."

Hapo ndipo tulipojifunza, nami nataka nawe ujifunze, maana huenda una kijana Lusaka, au dada Lubumbashi ambaye yu karibu kustaafu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mtu anayehamisha makazi yake kweli kweli kuja na motokaa 1 bila ushuru wa forodha. Lakini sharti iwe mali yake mwenyewe, naye awe ameitumia huko alikokaa kwa miezi isiyopungua 12. Baadaye akitaka kuiuza au kumpa mwingine, ushuru hudaiwa. Asiyetimiza sharti hilo hulipa asilimia 25 ya thamani yake, na kodi nyingine juu yake. Na motokaa iliyozidi umri wa miaka 8 huongezewa tena. Anayekuja kutembea tu hupewa kibali cha muda, naye lazima aitoe motokaa nchini kabla siku hazijakwisha.

Ndugu yangu hakuwa na fedha za ushuru. Akakaa kimya, akamtazama mkewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Andika kwamba natembea."

Basi mtu huyu aliingia kwao kama mgeni, kwa kibali chenye tarehe ya mwisho. Alikaa Iyula majuma 3. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa hawezi tena kutembea mbali, alipelekwa kanisani kwa motokaa Jumapili zote 3, amevaa kitenge chake kipya, akiwapungia watu kama mke wa chifu. Siku ya kuagana alisema, "Mwaka ni mrefu kwa mtu wa umri wangu." Sisi tukamwambia asiseme hivyo.

Dada alifariki mwezi wa Mei mwaka 2023. Ndugu yangu alikuja kwa basi, akafika udongo wa kaburi ungali mbichi. Mwezi wa Septemba, miezi 12 ikiwa imetimia, alivuka tena Tunduma na motokaa yake na hati zote, akapata msamaha wa ushuru. Aliiegesha chini ya mwembe, akakaa ndani muda mrefu bila kufungua mlango.

Sisemi kwamba sheria ni mbaya. Bila sharti hilo kila mfanyabiashara angejiita mstaafu. Wala sisemi motokaa ni anasa. Katika njia zetu zenye utelezi wakati wa masika, mzee mwenye motokaa ni msaada kwa jirani mgonjwa na kwa mama anayekwenda kujifungua. Nasema hivi: wewe uliye ugenini, amua mapema nyumbani kwako ni wapi. Ukiwa utarudi, nunua mwaka mmoja na zaidi kabla ya kustaafu, iandikishe kwa jina lako, itumie, tunza hati zake, na kabla ya kufunga mizigo waulize watu wa forodha. Na kama mwaka haujatimia, na nyumbani kuna mtu anayekusubiri, fikiri vizuri. Motokaa yaweza kungoja Kitwe. Basi la Tunduma lipo.