Sakafu Haiharakishwi

Wengi wetu hapa Nakivale tuna ndugu waliokwisha kupanda ndege. Tukiwapigia simu tunauliza kazi, shule, karatasi. Habari za sakafu hatuulizi. Lakini sakafu ilikaribia kuvunja nyumba ya mama mkubwa wangu kule Norwe.

Alifika huko majira ya baridi na binti yake na mjukuu wa kiume. Nyumba waliyopewa ina sakafu ya zege yenye nyaya za umeme ndani. Nyaya zinapasha zege, zege linapasha nyumba. Ukutani kuna kisanduku chenye namba na mishale miwili, wanakiita thamostati. Binti anakwenda kujifunza lugha, mtoto anakwenda shule, mama mkubwa anabaki na kile kisanduku.

Asubuhi akisikia baridi anabonyeza mshale wa juu mpaka 30. Saa nzima inapita, miguu bado ya baridi. Saa nane mchana nyumba inawaka, anafungua madirisha. Jioni anakuta namba imerudi 19 yenyewe. Akasema mjukuu anaichezea makusudi. Mtoto akalia. Bili ya umeme ilipokuja, binti akamtamkia mama yake maneno yasiyosemwa kwa mzazi. Mama mkubwa akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huku hata joto lina mwenyewe, na si mimi. Bora nirudi."

Mimi nafanya kazi na vijana, si fundi umeme. Nilimwomba dada anitumie picha za kile kitabu cha maelezo, nikakaa na vijana wawili wa kituo wanaosoma Kiingereza vizuri. Tukapata haya.

Kwanza, namba si ukali wa moto. Ukiweka 30, waya haupashi haraka kuliko ukiweka 21. Unawaka muda mrefu zaidi, basi. Zege nene linahitaji saa kadhaa kushika joto na saa kadhaa kupoa. Joto aliloliomba asubuhi lilimfikia mchana, wakati halitaki tena.

Pili, kisanduku kina ratiba: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Mshale unabadilisha kwa muda tu. Kipindi kingine kikifika, kinarudi kwenye ratiba. Mtoto hakugusa kitu. Ratiba ile ilipangwa kwa nyumba ambayo watu wote wanatoka asubuhi. Mama anayeshinda ndani hakuwemo.

Tatu, godoro. Alikuwa amelitandika chini apate joto la sakafu. Kumbe godoro linafunika joto, nyumba haipati, na waya chini yake unaweza kuzidi moto na kuharibika.

Sasa, utamwelezaje mtu asiyesoma? Nikamrudishia sauti: "Mama mkubwa, unawakumbuka waokaji mikate? Mwokaji hawashi tanuri wateja wakiwa wamejipanga mlangoni. Anawasha kungali giza, matofali yanywe moto kwanza. Sakafu yako ni tanuri. Haiharakishwi, inatangulizwa."

Akacheka. Kisha akauliza maswali ya mwenye nyumba: nikitaka joto saa kumi na mbili asubuhi, nianze saa ngapi? Wakajaribu saa kumi alfajiri, ambayo kisanduku kinaiandika 04:00. Mchana wakaacha 21 kwa sababu yeye yupo. Usiku wanashusha digrii mbili tu, maana zege likipoa sana, kulipasha upya ni safari ndefu. Saa alizichagua yeye, mjukuu akabonyeza. Kabla ya hapo alimwomba mtoto msamaha, mbele ya mama yake.

Ndugu mnaotufundisha kabla ya safari: mkanda wa ndege tunaufunga siku moja, kisanduku tunaishi nacho miaka. Tupeni nusu saa na mchoro wake ukutani. Na msiwafundishe wanaosoma peke yao, maana anayebaki nyumbani mara nyingi ni yule asiyesoma.

Nanyi vijana wenzangu, ndugu akikwambia huko kuna baridi, usiishie kusema pole. Muulize nyumba yao inapashwa na nini, na nani nyumbani anayejua kukipanga kile kisanduku.