Twiga Ndiye Mwenye Nyumba

Ukitaja hoteli ya Giraffe Manor katika stendi ya Masimba, watu watakucheka kwanza, kisha watakuuliza ni pesa ngapi. Malipo ya usiku mmoja kwa watu wawili yanaweza kukulipia kodi ya nyumba hapa Komarock kwa miezi kadhaa, ubakiwe na nauli. Ndiyo maana wakazi wengi wa Eastlands wanaijua nyumba hiyo kwa picha tu: jengo la kizamani lililofunikwa na majani, meza ya staftahi, na shingo ndefu iliyopenya dirishani kutafuta chochote cha kutafuna. Mimi pia nisingefika kama si wanangu, ambao sasa wana kazi zao. Walichanga wakatulipia, mimi na baba yao, kutuenzi kwa miaka ya ndoa yetu. Mzee wangu aliposikia bei alinyamaza, kisha akasema kwamba kwa pesa hizo twiga mwenyewe angefaa kuja kutuchukua.

Hakuja, tukaenda wenyewe. Kutoka Komarock njia rahisi ni kushika Barabara ya Kangundo, kuingia Eastern Bypass, kukata Barabara ya Mombasa, na kufuata Southern Bypass hadi Lang'ata. Nyuma yetu tuliacha Kilimambogo, mlima ambao asubuhi zisizo na mawingu huonekana vizuri kutoka orofa za juu za mtaa wetu. Tulipoingia Southern Bypass, ua wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ulituandama upande wa kushoto, nyasi zikapanuka, malori yakapungua. Kilomita si nyingi. Jiji ni lilelile na kaunti ni ileile, lakini hewa inabadilika hadi mtu anafunga kioo cha gari kwa baridi.

Watu hudhani majumba ya mabwanyenye yalijengwa Karen na Lang'ata peke yake. Upande wetu pia yalikuwako. Ukiifuata Barabara ya Kangundo kuelekea mashariki unaingia katika nchi ya William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani kutoka St. Louis, ambaye shamba lake la Juja lilimpokea Theodore Roosevelt mwaka 1909 alipokuja kuwinda. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mteremko wa Kilimambogo, na jina lake limebaki kwenye maktaba ya katikati ya jiji iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi ukoloni ulipokaribia kumalizika. Chiromo, nyumba aliyokuwa nayo Nairobi, imeiachia jina kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ya mwandishi Karen Blixen iligeuzwa makumbusho mwaka 1986. Majumba ya walowezi yamekuwa madarasa, ofisi, makumbusho, na mengine magofu. Ni machache yaliyobaki kuwa mahali pa kulala, kula na kuota moto, na katika hayo Giraffe Manor ina kisa cha pekee.

Ilijengwa mwaka 1932 na Sir David Duncan, ambaye aliiga mtindo wa nyumba za wawindaji wa Uskochi, na ardhi yake iliteremka hadi Mto Mbagathi. Kuta ni za mawe, paa limechongoka, na mmea unaotambaa umezivika kuta hizo hadi madirisha yanachungulia kutoka katikati ya majani. Ndani kuna mbao nyeusi zilizong'arishwa, mazulia, ngazi pana, na meko ya kuotea moto ambayo kwa mtu wa Komarock huonekana kama pambo hadi saa moja jioni, baridi ya Lang'ata inapoanza kuuma. Hapo unaelewa kwamba aliyejenga hakukosea.

Vyumba ni 12 kwa jumla, nusu katika jumba la asili na nusu katika jengo jipya la bustanini lililoongezwa baada ya familia ya Carr-Hartley kuinunua nyumba mwaka 2009. Tulipewa cha jumba la asili. Kitanda kirefu kwenda juu, shuka zilizonyooshwa hadi unaona aibu kuzikunja, na usiku tulikuta chupa ya maji moto chini ya blanketi. Mzee wangu, aliyezoea kuamshwa na honi za matatu saa kumi na moja alfajiri, alilala hadi nikamtingisha. Nilikuwa nimesikia kitu nje: hatua nzito juu ya kokoto, moja, kisha nyingine baada ya kitambo.

Staftahi ndiyo inayowaleta watu kutoka pembe zote za dunia. Unaketi mezani, mbele yako chai, mayai, matunda na mkate wa moto, na kando ya sahani yako kuna bakuli la vidonge vya nyasi na nafaka. Vidonge si vyako. Dirisha liko wazi, halina wavu wala chuma. Kwanza unaona shingo ikikatiza mwanga, kisha kichwa kinaingia chote, pembe, masikio na kope ndefu, na chumba kizima kinaonekana kidogo. Ulimi hutoka ukiwa na rangi ya zambarau iliyokaribia weusi, karibu sentimita 45, na huchukua kidonge kwenye kiganja kwa ustadi usiotarajiwa kwa mnyama mkubwa hivyo. Unakwaruza kama msasa. Mate yanabaki mkononi, mazito na ya kunata, na hakuna anayejali.

"Mama, mpe kimoja kimoja," kijana wa kuhudumu aliniambia. "Na usisimame ubavuni mwa kichwa. Ukimchelewesha atakupiga dafrao."

"Huyu anajua haki zake," mzee wangu alisema, akausogeza mkate wake mbali na dirisha.

Kijana alicheka, akatueleza namna ya kuwatambua. Hawa ni twiga wa Rothschild, na ukitazama miguu yao chini ya magoti huoni madoa: ni myeupe, utadhani wamevaa soksi za shule. Kila mmoja ana jina na tabia. Yuko mpole anayesubiri zamu, na yuko asiyesubiri mtu. Ukiishiwa na vidonge hawakuagi. Kichwa kinatoka kama kilivyoingia, kinahamia dirisha la pili kwa mgeni mwingine, na wewe unarudi kwenye chai yako iliyopoa.

Jinsi walivyofika hapa ndicho kisa chenyewe. Mwaka 1974 nyumba hii ilikaliwa na Jock Leslie-Melville, Mkenya mwenye asili ya Uskochi, na mkewe Betty, Mmarekani wa Baltimore. Wakati huo twiga wa Rothschild nchini Kenya walikuwa wamebaki kidogo zaidi ya 100, wote kwenye shamba moja la mifugo la ekari 18,000 huko Soy, upande wa Eldoret. Shamba hilo lilikuwa linagawanywa ili wananchi wapewe makazi. Msomaji wa Kenya hahitaji kufundishwa uzito wa jambo hilo. Mkulima asiye na shamba alikuwa na haki yake, na twiga anayekula vichwa vya miti na kuangusha nyua hakuwa na nafasi kwenye vipande vya ardhi vya familia. Mmoja angelazimika kuhama, na kila mtu alijua ni nani.

Jock na Betty wakamchukua ndama mmoja wa kike, wakamsafirisha hadi Lang'ata, wakamlea kwa chupa ya maziwa. Walimwita Daisy. Baadaye akaongezwa dume, Marlon. Betty akaandika kitabu juu ya malezi hayo, kikatengenezewa filamu mwaka 1979, na pesa zikaanza kupatikana. Mwaka huohuo wa 1979 wakaunda shirika la hifadhi linalojulikana kwa kifupi kama AFEW. Kwa juhudi hizo makundi ya twiga wa Soy yalihamishiwa mahali penye usalama, ikiwemo Mbuga ya Ziwa Nakuru na Mbuga ya Ruma kule Homa Bay. Mwaka 1983 kituo cha twiga, Giraffe Centre, kikafunguliwa kando ya nyumba ili umma uingie. Nyumba yenyewe ikaanza kupokea wageni wa kulala mwaka 1984, mwaka ambao Jock alifariki.

Hiki ndicho nilichokuja kukipenda zaidi ya shuka na meko. Nyumba iliyojengwa kwa kuiga makao ya wawindaji imeishia kumwandalia mnyama meza. Zama za Roosevelt na McMillan, vichwa vya wanyama vilitundikwa ukutani, macho ya kioo yakitazama watu wakila. Hapa kichwa kiko hai, kinaingia na kutoka kitakavyo, na kikikasirika kinakupiga. Mgeni hulipa pesa nyingi, lakini anayeheshimiwa nyumbani humo ni twiga. Ratiba ya chakula inamfuata yeye, madirisha yanafunguliwa kwa ajili yake, na hata chai ya alasiri huandaliwa bustanini saa anazopita. Binadamu tunakaribishwa tukiwa wageni wake, na tunaridhika kabisa.

Alasiri hiyo tulikaa kwenye nyasi tukiwa na keki na chai ya maziwa. Twiga waliteremka kutoka msituni kwa mwendo wa watu wasio na deni, ngiri wakipita katikati ya miguu yao. Ardhi ya nyumba ni ekari 12, lakini imezungukwa na ekari 140 za msitu wa asili, na ukitazama upande wa magharibi unaona Vilima vya Ngong. Wafanyakazi walituhudumia bila kutuonyesha kwamba wametambua sisi si watalii wa kawaida. Mmoja aliposikia tumetoka Komarock, alitaja kwamba dadake anaishi Kayole, karibu kabisa na kwetu. Tangu hapo tukawa majirani, na kikombe changu hakikuisha chai.

Kwa anayetaka kulala huko, ni lazima aweke nafasi miezi mingi kabla, na atafute bei za wakazi wa Kenya pamoja na misimu isiyo na watalii wengi. Kwa sisi wengine, yaani wengi wetu, mlango uko hapohapo kando. Panda matatu namba 24 mjini, ile ya Karen inayopitia Lang'ata, ushuke Hardy, ufuate vibao vya Giraffe Centre kwa miguu. Raia wa Kenya analipa shilingi mia chache, anapanda jukwaa lililoinuliwa hadi usawa wa nyuso za twiga, na analisha walewale niliowalisha mimi dirishani. Upande wa pili wa barabara kuna njia ya msituni ya kutembea, tulivu na yenye ndege. Siku za shule utakuta mabasi ya wanafunzi yamepanga foleni, kwa kuwa kufundisha vijana wa Kenya juu ya mazingira ni sehemu ya kazi ya AFEW tangu mwanzo.

Ningewashauri wazazi wa Komarock, Kayole, Umoja na Dandora wawapeleke watoto huko kabla ya kuwapeleka kwenye bembea za maduka makubwa. Mtoto akishikwa kiganja na ulimi ule, atauliza twiga hao walitoka wapi, na jibu litampeleka Soy, kwenye suala la ardhi, na kwa watu waliokataa kuamini kwamba ni lazima mmoja kati ya mkulima na mnyama afutwe. Utajiri wa nyumba ile nimeuonja, na sitaukana: ni mtamu. Lakini sehemu yake iliyo bora kuliko zote haifungiwi chumbani na haihitaji watoto wako wakuchangie. Inauzwa getini kwa bei ya nauli ya kwenda na kurudi mjini siku chache, na twiga hatakuuliza umelala wapi.