Boksi la wufa na lita zilizopotea

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa napasua mbao.

Mambo yalianza hivi. Mzee wangu anakaa Bungoma, mimi niko Kitale naandika programu. Kila mwezi namfuata kwa Corolla yangu kuukuu nimlete kliniki ya masikio, kisha namrudisha: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi nyumbani. Masikio yake yamechoka kwa uzee, na uzee huanza kuchukua sauti nyembamba, zile za s, f na t. Anasikia kwamba unaongea, ila hasikii unasema nini. Basi garini tulikuwa tumeacha kuongea. Nikirudia neno mara tatu anakasirika, nami nakasirika, tunabaki kutazama mahindi ya watu.

Siku moja nikaweka rumba. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Mbona muziki huu umekonda? Besi imeenda wapi?"

Spika za milangoni ni ndogo, besi hazina. Nikawaza: sauti nyembamba siwezi kumrudishia, lakini nene bado anazo. Nikanunua wufa ya inchi 12 na amplifaya ya mtumba. Boksi nikaamua kuunda mwenyewe.

Kwa nini boksi? Wufa inaposukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inaivuta. Ukiiacha wazi, mawimbi hayo mawili yanakutana na kuuana, na besi inapotea. Boksi linayatenganisha. Kuna boksi lililofungwa kabisa, na kuna lile lenye tundu la bomba, ambalo hufanya kazi kama chupa ya soda ukiipuliza mdomoni: hewa ya kwenye shingo inacheza juu ya hewa ya tumboni kama uzito juu ya springi. Mjerumani Helmholtz aliieleza hesabu hiyo katika karne ya 19. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia akachapisha namna ya kupanga spika na boksi kwa namba, na Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970. Ndiyo maana leo spika nyingi huja na karatasi yenye vipimo vyao.

Kwa mtu wa kompyuta hiyo ni sikukuu! Nikaandika skripti ya Python, mistari ishirini hivi. Jibu: lita 50, bomba la choo la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 31, boksi liimbe hezi 35. Nikapeleka mchoro kwa seremala mmoja hapa Kitale: sentimita 50 kwa 36 kwa 28, MDF ya milimita 18.

Fundi akaitazama karatasi. "Hii umepima nje ama ndani?"

"Fuata karatasi tu, fundi," nikamjibu. Kompyuta ilikuwa imeshasema.

Akafuata. Gundi, skrubu, silikoni kwenye pembe zote, kazi safi sana. Nyaya nilifunga mwenyewe, na hapa nisikilizeni: fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na amplifaya. Waya ukichubuka katikati bila fyuzi pale mwanzoni, gari linaungua. Waya wa ardhi nao kwangua rangi mpaka uone bati.

Nikawasha. Jamani! Kila wimbo ulikuwa na noti moja ya besi, buu, buu, buu, hata pale ambapo mpiga gita la besi alikuwa anatembea vizuri. Jioni ile nilipima tena. Kwa nje lita 50, sawa kabisa. Lakini mbao inakula milimita 18 kila upande, kwa hiyo ndani ni 46.4 kwa 32.4 kwa 24.4: lita 36.7. Toa mgongo wa wufa wenyewe na bomba, zinabaki lita 32 hivi. Boksi lilikuwa linaimba karibu na hezi 44. Skripti haikukosea hata nukta. Mimi ndiye niliyeipa namba za nje.

Nilirudi kwa fundi nikiwa mpole. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba hata anayechonga litungu anajali tumbo la ndani, si gome. Nilitaka kurefusha bomba; hesabu ikadai zaidi ya nusu mita, na ndani hakuna nafasi hiyo. Fundi akasema, "Si uzibe hilo tundu?" Akakata kisahani cha mbao, akaziba. Boksi lililofungwa la lita 34 au 35 linaifaa wufa yangu vizuri tu. Halishuki chini sana, lakini noti zinaachana, na udogo wa gari wenyewe huongeza besi za chini.

Jumamosi nilimrudisha mzee Bungoma. Kabla ya Kamukuywa aliweka kiganja mlangoni, akaanza kufuata besi kwa vidole. Hakukosa. Kisha akaanza kusimulia, bila kuulizwa, dansi walizokuwa wakiendea ujanani, nani alikanyaga viatu vya nani, na jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza. Hiyo sikuwahi kuisikia. Sikuhitaji kujibu kitu, nilitikisa kichwa tu hadi Webuye.

Sokoni Bungoma akaniambia nizime, watu watadhani ni matatu.

Kilichobaki ni namba ya gari ya nyuma, inatetemeka kama bati la choo. Nimeiwekea vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwezi ujao tutajua.