Redio ndogo, kadi ya nyimbo na likirimba: vitu ambavyo mama wa Sake hakubali kuacha

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kwa familia iliyokwisha kukimbia mara tatu, kitu kizuri ni kile kinachoingia katika mfuko mmoja na kufanya kazi hata siku isiyo na umeme wala intaneti. Hivyo ndivyo mama mmoja muuza unga, mwenyeji wa Sake anayeishi sasa Ndosho, anavyochagua vitu vyake. Majirani wanapomuuliza, anawaonyesha bila choyo.

Cha kwanza ni redio ndogo ya jua, yenye mkono wa kuzungusha pembeni. Inashika FM na mawimbi mafupi. Mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika. Simu nyingi zilizimika. Redio hiyo iliendelea kusema.

Kijana wake alitaka iuzwe. «Mama, tuuze redio, tununue simu kubwa. Redio iko ndani ya simu.» Mama akamjibu: «Mwanangu, na simu ikizimika, nitasikiliza nini?» Tena, simu nyingi zenye FM hazishiki kituo bila waya wa masikio, kwa sababu waya huo ndio antena. Waya ukikatika, hakuna redio.

Cha pili ni vipindi vilivyorekodiwa. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. RFI nayo ina matangazo ya Kiswahili. Kijana anavuta vipindi usiku akiwa na mega, kisha anagawa kwa Bluetooth bila kulipa kitu. Mama ameweka sharti moja: kila kipindi kiandikwe tarehe.

Sababu anaijua vizuri. Sauti moja ilizunguka ndani ya WhatsApp ikisema njia ya Sake ni salama, watu warudi mashambani. Jirani mmoja alikuwa amekwisha kufunga godoro. Mama alimuuliza: «Yaya, ni nani anasema? Alisema lini? Yuko wapi?» Hakuna aliyejua. Wakangoja habari za jioni, na hakuna redio iliyotaja jambo hilo. Baadaye walitambua kwamba ile sauti ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Godoro likafunguliwa.

Kwa upande wa biashara, mama anasifu likirimba. Banki za Goma zilifungwa tangu Januari 2025, na kupata noti mkononi kukawa kazi. Wanawake kumi wa soko wanatoa kila mmoja franka 5 000 Jumamosi. Mmoja anapokea 50 000. Lakini vita ni adui wa likirimba: anayepokea mapema anaweza kukimbia kabla ya kumaliza kulipa wenzake. Kwa hiyo kila mmoja ana mdhamini ndani ya kundi, na majina yameandikwa katika madaftari mawili, yanayolala katika nyumba mbili tofauti. Zamu ya mama ilipofika, alinunua unga kwa bei ya jumla. Faida, juma kwa juma, ikaleta simu ya mtumba kwa kijana. Redio haikuuzwa.

Cha mwisho ni kadi ya nyimbo. Mama anapenda gitaa la Jean Bosco Mwenda, ambaye «Masanga» yake ilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Kijana anajaza Innoss'B, mtoto wa Goma, na «Yo Pe» aliyoirudia na Diamond Platnumz mwaka 2019. Wanapokezana: jioni ni gitaa, kwa sababu watoto wadogo wanalala bila kushtuka; mchana ni kucheza.

Kwa anayetaka kununua redio ya namna hiyo, mama anashauri aijaribu palepale sokoni: azungushe mkono dakika moja, atafute kituo, aiweke juani aone kama taa ya kushaji inawaka. Na namba za simu za jamaa ziandikwe kwenye karatasi, zishonwe ndani ya nguo ya kila mtoto. Simu inaweza kupotea njiani, na mtoto pia.