Neno la Utingo

Watu wengi huisifu nchi ya Usambara kuwa ni bustani, na kweli ni bustani. Lakini bustani hii ina kipupwe chake. Tangu Juni hata Agosti ukungu hulala juu ya mashamba ya chai kama shuka lililolowa, na manyunyu huifanya njia ya udongo mwekundu iteleze kama mlenda. Katika majira hayo, Julai iliyopita, nalikwenda Mponde kumzika mwalimu aliyenifundisha kusoma.

Naliondoka Mombo asubuhi, nikapanda hata Soni, nikashika njia ya Bumbuli. Mazishi yaliwekwa saa saba, nami naliombwa kumsemea marehemu maneno machache. Nalipokaribia Mponde gari liliingia dimbwini, likakohoa mara mbili, likazima. Naliliwasha, likagoma, nikaliwasha tena na tena hata betri ikachoka. Nikafungua boneti, nikaitazama injini kama mtu asiyejua kusoma aitazamavyo barua ya msiba. Nina shahada ya uzamivu katika lugha, lakini mbele ya chuma kile sikuwa na hata jina moja la kuniongoza.

Saa ilikuwa sita na nusu lilipotokea lori la kabichi. Utingo wake, kijana mdogo, aliruka chini.

"Shikamoo, mzee. Lilimisi kabla ya kuzima?"

Neno hilo nalilijua. Mwezi uliotangulia nalilikata kwa wino mwekundu katika insha ya mwanafunzi, nikaandika pembeni: "Hili si Kiswahili." Sasa lilisimama mbele yangu kama mdai mlangoni.

"Marahaba," nikajibu. "Ndiyo, lilimisi."

"Basi distributa imeingia maji. Nipe kitambaa kikavu."

Kitambaa kikavu kilichokuwamo garini kilikuwa shati jeupe nililoliweka kwa mazishi. Nikampa. Alifungua kifuniko, akakifuta ndani, akafuta nyaya za plagi moja moja, huku akinieleza kwamba umeme ukikuta maji hupotea njia, na cheche haifiki kwenye plagi. Kisha yeye na dereva wake wakanisukuma mtelemkoni, injini ikawaka. Nalipotoa fedha alirudi nyuma. "Kwa safari ya msiba hatuchukui kitu, mzee."

Nalifika saa nane. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Mjane alinishika mkono akasema, "Umefika, mwanangu. Udongo ungali mbichi." Sikuwa na jibu. Maneno niliyoyaandika yalibaki mfukoni.

Usiku ule nalifikiri sana. Marehemu alinifundisha katika shule, na neno "shule" ni la Kijerumani, lililoingia enzi zile Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal. Nalijifunza kuandika juu ya meza, na "meza" ni neno la Kireno. Gari lililonikwamisha lina jina la Kihindi. Maneno hayo hayakungoja kibali cha madaktari wa lugha. Watu wa kazi waliyapokea kwa kuwa waliyahitaji, nasi wasomi tukaja baadaye kuyaandika katika kamusi na kuyaita fasaha.

Sisemi kwamba kila neno lipokewe bila kuulizwa litokako. Lugha isiyo na mlinzi huwa kama shamba lisilo na ua, na usanifu una heshima yake. Lakini hakimu wa maneno hana budi kuliona neno likifanya kazi kabla ya kulihukumu. Mimi nalilihukumu lile la utingo mezani, mahali pakavu, nisipolihitaji.

Nalirudi Dar es Salaam, nikamwita mwanafunzi wangu, nikamrudishia alama zake na kumwomba radhi. Deni lake nimelilipa. La mwalimu wangu limebaki Mponde, chini ya udongo ambao sasa umekauka.